Vijiti vya Njano

Jumanne, tarehe nne ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Mkuu wa hifadhi alimwita mke wangu ofisini. Nilimsindikiza, nikakaa benchi la mlangoni, kofia magotini.

Mke wangu alikuwa mfagizi pale. Kila kiangazi kikianza, akishatundika ufagio, aliingia porini kutafuta maua. Hasa okidi, ile adimu ya kwetu, yenye mdomo uliochomoza kama ulimi wa mtoto anayekudhihaki. Watu wakamwita Bibi Maua. Kila aliyoiona aliiwekea alama kwa utaratibu wake: kijiti kifupi kama kidole, kimefungwa uzi wa buluu. Lakini hakichomeki kwenye ua. Atahesabu hatua kutoka pale, kuelekea upande anaoujua yeye, ndipo achomeke. Ukikiona kijiti, umeona kijiti tu.

Siku hiyo ofisini mkuu akacheka. "Mama, hii ni hifadhi, si mchezo wa kujificha."

"Bwana mkuu, kisichofichwa huchukuliwa."

"Nataka kila ua na kijiti chake palepale shinani. Rangi ya njano, na namba. Wageni wangu wanakuja kuhesabu." Akanigeukia. "Fundi, wewe si seremala? Utaweza kuvichonga?"

"Naweza."

Neno moja hilo. Mtu aliyeishia darasa la tatu akiulizwa na mwenye tai, mdomo hujijibia wenyewe. Sikumtazama mke wangu.

Nilichonga arobaini na kimoja kwa mabaki ya fremu za milango, nikavipiga msasa, nikavipaka rangi. Alivishika kimoja kimoja. "Vimependeza, mzee wangu. Hata mwizi kipofu atashukuru."

Nilicheka, mpumbavu mimi.

Wageni walikuja, wakahesabu, wakapiga picha, wakaenda zao. Juma la pili mke wangu alikuta vijiti vyangu vyote vimesimama wima, kila kimoja kando ya shimo. Mkuu aliandika kwamba ni wanyama. Mnyama gani huyo anayechimba kwa sepetu na kunyoosha kona? Lakini kalamu ni yake, na aliye na kalamu hakosei; hukosea aliye na ufagio.

Mke wangu hakulia. Kila siku alirudi porini kutafuta walau moja iliyosalia. Siku ya kumi na moja mvua isiyo ya msimu ikamkuta huko, akarudi anatetemeka mpaka meno yanagongana. Homa ya mapafu, wakasema hospitali.

Nilimpelekea chai kwenye chupa. Akaninong'oneza, "Nimeipata. Moja. Juu ya mwamba, maji yanapoanguka. Nimeiwekea kijiti."

"Kwa utaratibu wako?"

"Wangu."

"Hatua ngapi? Upande gani?"

Alinitazama, akanitazama tena. Kisha akavuta blanketi mpaka kidevuni. "Kunywa na wewe, mzee wangu. Chai inapoa."

Kesho yake nilifika kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Huu mwaka wa pili. Mkuu yupo vilevile, ila kiti kimeongezeka ukubwa. Mwezi jana aliniita nichonge kibao chenye jina la marehemu, kiwekwe getini. Nikamwambia achonge mwenyewe, si ana kalamu?

Binti yetu ananisihi nisiende porini. "Baba, magoti yako hayo. Mama hayupo huko."

"Najua hayupo. Ua lake lipo."

Ijumaa iliyopita nilipanda ule mwamba. Maua ya porini yalikuwa yamefunguka kila mahali, meupe, ya zambarau, mengine madogo kama punje za mtama. Na pale maji yanapoanguka nikakiona: kijiti kifupi kama kidole, uzi wa buluu umepauka karibu kuwa mweupe. Fundo ni lake. Mkono ule naujua.

Nikavua viatu. Nikainua mguu, nikaurudisha. Kila upande majani yalifika magotini, na popote ambapo ningekanyaga huenda ndipo ilipokuwa okidi ya mwisho, chini ya kisigino changu. Nikasimama palepale mpaka jua likahamia upande wa pili wa mwamba, kisha nikarudi kwa kukanyaga nyayo zangu mwenyewe.

Kaburini nimemuuliza, nyumbani nimemuuliza, na leo namuuliza tena: mama, siku ile ulisahau kuniambia hatua ni ngapi, au uliniona mimi na mkuu ni wamoja?