Tikiti Maji Chini ya Gari

Mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu kuinua gari la mbio bila kufa. Gari lenyewe sijui hata linawashiwa wapi, na huyo mume si wangu, ni wa mjukuu wangu. Mengine yote ni kweli tupu.

Mjukuu wangu namwita mke mwenzangu. Mume wetu ni kinyozi. Ana mikono laini, maneno laini zaidi, na shingo nyembamba ambayo siku ile ilininyima raha kabisa.

Gari ni la mwanangu, baba yake mke mwenzangu, yaani baba mkwe wa kinyozi. Mwanangu alingoja mpaka nywele zimemwisha na magoti yameota kutu, ndipo akanunua gari jekundu la mbio. Liko chini kiasi kwamba paka wetu hapiti chini yake bila kukunja mgongo. Mtaani wamelibatiza Mkeka. Kuingia, mwanangu hujitupa tu kama gunia. Kutoka ndiyo shughuli. Hufungua mlango, akatanguliza mikono sakafuni, akafuatisha magoti, akatoka akitambaa kama mtoto wa miezi minane. Halafu husimama, akajipangusa, akatazama huku na huku kama mtu aliyekuwa akitafuta sindano.

Miaka yote mwanangu alikuwa akimwita mkwe wake "yule wa mashine ya nywele." Aliposafiri kikazi, kwa mara ya kwanza akamwita "mwanangu" na kumkabidhi ufunguo.

"Liwashe asubuhi tu, betri isife," alimwambia. "Getini lisitoke."

Kinyozi aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, na machozi yalimlenga. Nilimwona.

Akalitoa getini. Simlaumu sana. Mpe mbuzi ufunguo wa ghala la mahindi, uone. Asubuhi ya siku ambayo mwanangu alikuwa anarudi, akaenda nalo mpaka kwenye kibanda chake cha kunyolea, wateja wamwone akishuka. Wakamwona. Wakati wa kurudi, tuta likamwona pia. Lile kava la plastiki linalofunika tumbo la gari kwa mbele likang'oka upande mmoja, akaingia nalo uani likiburuta kama kanga iliyofunguka njiani.

"Bibi, nimekwisha," akasema.

"Bado. Lipeleke kwa fundi."

"Fundi yupi? Yule anayecheza drafti na baba? Habari itamfikia baba kabla gari halijafika gereji!"

Hapo alisema kweli. Mke mwenzangu alikuwa ameshaenda stesheni kumpokea baba yake. Kilichotakiwa ni bolti mbili tu kurudishwa mahali pake, na kinyozi angebaki kuitwa mwanangu. Bila hizo, angerudi kuwa yule wa mashine ya nywele mpaka siku anazikwa.

Akaburura jeki kutoka stoo, ile ndefu yenye magurudumu. Mimi nikakaa kwenye benchi langu la uani, mbele ya banda la gari.

"Bibi, nenda ndani ukapumzike."

"Nimeshapumzika mpaka nimechoka. Endelea, mume wangu."

Jeki ikakataa kuingia chini ya Mkeka. Akalala kifudifudi, akaisukuma, akaibembeleza, akaitukana. Haikuingia.

"Mguu wa kabati ukiwa mfupi unafanyaje?" nikamuuliza.

"Sina habari na kabati saa hizi, bibi."

"Unautia kibao. Weka mbao mbele ya magurudumu, gari lipande juu yake."

Akanitazama, akaenda kung'oa mbao za rafu ya jikoni. Gari likapanda, na jeki ikaingia ikikwaruza kidogo.

"Magurudumu ya nyuma umeyazuia?"

"Nimevuta breki ya mkono."

"Babu yako pia alikuwa na breki ya mkono, mume wangu. Aliteleza vilevile."

Akacheka bila kupenda, akayatia vipande vya mti nyuma na mbele. Akaanza kupampu. Mkeka ukainua pua taratibu kama bi harusi aliyeletewa soda ya moto. Kinyozi akatandika gunia, akachukua spana, akajilaza chali na kuanza kuingiza kichwa.

"Stendi za kuegemezea gari ziko wapi?" nikauliza.

"Za nini? Jeki hii inabeba tani mbili."

"Sijauliza inabeba nini. Nauliza itabeba mpaka lini."

"Bibi!"

"Kuna kibandiko hapo kwenye jeki. Mtu amelala chini ya gari, amechorwa msalaba mwekundu. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini ile picha nimeisoma yote."

"Ile ni ya kutishia watu. Dakika tano tu natoka."

Nikaitazama ile shingo. Ikivunjika, mke mwenzangu ni mjane, na mimi pia mjane kwa mara ya pili, na sauti ya kulilia mume sina tena. Nikanyanyuka. Jikoni kulikuwa na tikiti maji kubwa ndani ya beseni la maji baridi. Mwanangu alikuwa ameliagiza kwa simu. Mtu huyu akirudi safari halisalimii jua kabla hajala tikiti. Kulibeba siwezi, kwa hiyo nikalivingirisha kwa mguu mpaka bandani, nikalisukumia pale pale kichwa cha kinyozi kilipokuwa kinaelekea.

"Hili na kichwa chako vinalingana," nikamwambia. "Litangulie. Sisi tunywe chai. Chai ikiisha na lenyewe ni zima, utaingia."

"Na nikikataa?"

"Nitamsimulia mwanangu habari za tuta."

Akatoka chini ya gari akiwa amenuna, akaketi karibu nami kwenye benchi. Nikammiminia chai. Alikuwa anakunywa haraka haraka, na kila funda ananionyesha tikiti kwa kidevu.

"Unaona? Limetulia. Unaona, bibi? Mambo ya vibandiko hayo."

Jeki ikapumua. *Fsss.* Kidogo tu, kama mtu aliyesikia habari mbaya akiwa mbele ya wageni. Pua ya Mkeka ikainama polepole, kwa adabu, kisha ikakumbuka uzito wake. *Pwaa!* Wekundu ukaruka mpaka ukutani.

Kinyozi aliweka kikombe chini. Akashika shingo yake kwa mikono yote miwili, akaipapasa mbele na nyuma.

"Bibi," akanong'ona. "Ni pale pale."

"Pale pale. Maliza chai yako."

Hakuimaliza.

"Stendi," akasema. "Baba alikuwa na stendi nne. Sijui aliziweka wapi."

"Mimi najua. Umekalia mbili, na mimi nimekalia mbili."

Akainama kuchungulia. Benchi langu ni ubao mmoja mzuri uliolazwa juu ya vigoda vinne vya chuma vyenye meno ya kupandisha na kushusha. Kimo chake kinaipenda nyonga yangu.

"Muda wote huu ulikuwa umezikalia?"

"Nilikuuliza ziko wapi, ukasema za nini. Nisimame kwa sababu ipi?"

Ile jeki inayopumua nikaifukuza kazi. Nikamtuma kwa jirani yetu fundi bomba akaazime nzima. Jirani akatoa bila kuuliza swali, maana yeye hujali yanayovuja kwake tu. Safari hii kinyozi alifanya kila kitu kama mtu anayemnyoa hakimu. Akaitia jeki kwenye chuma kinene cha katikati, si kwenye plastiki wala bati. Akainua. Akaweka stendi kushoto na kulia chini ya chuma kigumu, zote kimo kimoja, akashusha polepole mpaka chuma kikakaa juu ya chuma.

"Tikisa," nikamwambia.

Akasukuma kwa vidole.

"Tikisa kama mtu aliyefungiwa chooni!"

Akalipiga gari bega mpaka akakohoa. Halikusogea hata unywele. Ndipo akafagia vipande vikubwa vya tikiti, akatandika tena gunia lile lile, akaingia. Nilizisikia bolti zikikazwa, na yeye akiimba kwa sauti ya mtu ambaye bado ana koo.

Tukashusha gari. Akarudisha mbao jikoni, jeki kwa jirani, akapiga deki banda. Alikuwa anaweka ubao wangu juu ya stendi wakati geti lilipolia.

Mwanangu akaingia na begi lake, mke mwenzangu nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Hakunisikia. Macho yalikuwa bandani. "Mwanangu, gari vipi?"

"Salama, baba," kinyozi akasema, amesimama wima kama askari. "Naliwasha asubuhi, basi. Sijalisogeza hata hatua moja. Wala chini yake sijui kukoje."

Nikafumba macho. Nani alikuuliza habari za chini?

"Vizuri. Na tikiti langu?"

Kinyozi akanitazama, nikaona anavyonitwika mzigo kabla hata hajafungua mdomo.

"Bibi amelila."

"Lote, mama?"

Mdomoni nina meno matatu, na mawili hayasemezani. Lakini mume ni mume.

"Lilikuwa tamu," nikasema.

"Na maganda?" mke mwenzangu akauliza. Yeye ndiye aliyeliweka kwenye beseni asubuhi, na aliliweka akiguna kwa uzito wake.

"Maganda yanasafisha damu."

Mwanangu hakuwa na subira ya kunibishia. Akajitupa ndani ya Mkeka, akauwasha, akafumba macho akiusikiliza unavyonguruma. Alipouzima alikuwa anatabasamu kama amebatizwa upya.

"Mwanangu," akasema kupitia dirishani, "umelitunza kweli."

Kinyozi alivimba kwa furaha nikaogopa vifungo vitaruka. Nikajua tumepona.

Kisha mlango wa gari ukafunguka. Ikatoka mikono, ikagusa sakafu. Yakafuata magoti. Mwanangu akatambaa hatua moja, akasimama hapo hapo kwa miguu minne, uso karibu na sakafu. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko magoti yake yanavyoruhusu. Akanyoosha mkono nyuma ya gurudumu, akabandua kitu kwa kucha.

"Mama."

"Nini, baba?"

"Siku hizi tikiti unalilia chini ya gari?"

Nikakohoa. Kikohozi cha uzee kina faida zake.

Akasimama, akajipangusa magoti, mbegu nyeusi katikati ya vidole. Akamgeukia kinyozi, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko ninavyopenda.

"Na wewe, chini ya gari hujui kukoje?"

"Sijui, baba. Naapa."

"Basi geuka."

Kinyozi akageuka. Mgongoni mwa shati lake jeupe, kuanzia kola mpaka kiunoni, mbegu za tikiti zilikuwa zimejipanga kama vifungo.