Moshi wa Soko la Kasongo

Mkuu wa mji alipopiga marufuku pikipiki sokoni ili kupunguza moshi, alimwajiri Djamila apime kama amri hiyo inasaidia. Siku ya soko Djamila alijionea mwenyewe: pikipiki zilizofukuzwa zilizunguka mitaa ya nyuma zikitafuta wateja, zikiunguza esanse, yaani petroli, nyingi kuliko zamani.

“Amri haisaidii, papa,” alimwambia mkuu bila kusita. “Wacha waendesha pikipiki wasimame kwenye vituo kando ya soko, wateja wawafuate.”

Emile, kiongozi wa waendesha pikipiki aliyeitwa pale, aliguna. “Mama, tukisimama tutalala njaa.”

“Mujaribu siku moja tu. Mimi nitashinda pale na nyinyi.”

Mkuu akaruhusu, nao wakajaribu, wakisimama mahali pamoja kando ya soko. Asubuhi wateja walisuasua, na Emile akawa anamtazama Djamila kwa jicho la lawama. Djamila hakutikisika. Kufika adhuhuri, wanawake wenye mizigo ya mawese walikuja wenyewe kituoni, mmoja baada ya mwingine. Jioni Emile alitikisa tangi lake, akasikia esanse ikicheza ndani.

“Iko bado nyingi!” alicheka. “Na wateja nimebeba kama kawaida.”

Djamila akampeleka kwa mkuu, akaseme mwenyewe: esanse kidogo, moshi kidogo. Marufuku ikafutwa, na vituo vya kudumu vikaanza kujengwa.