Bega la Kushoto

Baba yangu na mume wangu walikuwa hawasemeshani. Kila mmoja alisema na mwenzake kupitia kwangu, hata tukiwa meza moja. "Mwambie mumeo anipe chumvi," baba anasema, na chumvi iko mbele ya mume wangu, na masikio anayo. Namwambia. "Mwambie baba yako hii hapa." Naipokea kwa mkono huu, naipitisha kwa mkono huu. Hata simu huzimwa ikapumzika. Mimi nilikuwa hewani miaka yote.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kriketi. Wote wawili ni warushaji, na si wale wanaokuja mbio kana kwamba wanafukuza mwizi. Wao hutembea hatua chache, wakauzungusha mpira kwa vidole na kifundo cha mkono, ukaenda taratibu, ukadunda, ukapinda. Mpigaji anapiga hewa, vijiti nyuma yake vinaanguka, safari yake imeishia hapo. Baba alikuwa akiitwa Pangaboi, kwa jinsi alivyozungusha bila haraka. Alitoa wapigaji mia tatu na kumi na wawili akiichezea timu ya taifa, na hakuna aliyewahi kufika hapo. Jina lake na idadi hiyo vilipakwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa klabu, na baba hakupita pale bila kusimama kufuta miwani.

Mume wangu alikuja nyumbani kwetu kijana mwembamba, mpira mfukoni, kujifunza kurusha. Baba alimfundisha mwenyewe uani, akampa na jina la Parafujo. Mafunzo yalipokwisha kijana hakuacha kuja, na baba hakuhitaji kuambiwa anamfuata nani. Tukaoana.

Haujapita mwaka, timu ikatangazwa redioni. Baba hayumo. Nafasi yake amepewa mkwewe. Tulikuwa tumekaa sebuleni sote, baba na kikombe chake cha chai, na nikamwona mume wangu anaangalia sakafu. Alikuwa ameshaambiwa tangu jana yake. Baba akakiweka kikombe chini, akanigeukia mimi. "Mwambie mumeo angeniambia mwenyewe."

"Ningemwambia nini?" mume wangu akaniuliza tulipobaki wawili. Aliona haya, najua. Lakini haya ikikaa sana inaota pembe. Huyu akamngoja yule aanze, yule akamngoja huyu, na mama alipofariki, baba akahamia chumba chetu cha nyuma, wakaendelea kungojana chini ya paa moja. Nikabaki mimi katikati kama mlango.

Parafujo akacheza. Akacheza kwenye viwanja ambavyo mimi niliviona kwenye televisheni tu. Kidole chake cha pete kilichubuka na mshono wa mpira, kikapona, kikachubuka tena, mpaka ngozi ikawa ngumu kama soli. Jioni alikiloweka katika beseni langu la nguo na nilichoka kumkataza. Alilala na mpira mkononi. Wapigaji waliomcheka walipomwona anakuja taratibu hivyo walirudi benchi wakitazama magongo yao kana kwamba yana tundu. Mwaka huu akafika mia tatu na kumi na wawili, sawasawa na baba.

Hapo akakwama. Mechi ikapita, nyingine ikapita, hakutoa mtu. Wapigaji walimcheza kama wanasoma gazeti. Wakubwa wa timu wakamwambia kwa upole kwamba mechi ya Jumamosi ndiyo ya kumuaga.

Sikuwa na raha. Akikosa, atakaa na uchungu huo maisha yake yote, na kila akimwona baba mezani atauona ukuta ule. Akipata, baba atafutwa, na kile ndicho kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Angefungasha siku hiyohiyo akaenda kwa kaka yangu. Nilipiga hesabu kila upande na kila upande nampoteza mtu.

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, baba akaweka kijiko chini. "Mwambie mumeo bega lake la kushoto linashuka mapema anapotaka kurusha ule wa kinyume."

Ule wa kinyume ndio mtego wao. Mpira unatoka mkononi kama mingine yote, ukidunda unapindia upande usiotarajiwa. Mpigaji akijua unakuja, si mtego tena.

Mume wangu akaacha kutafuna. "Mwambie baba yako nimefika mia tatu na kumi na wawili kwa bega hilihili. Na mwambie nimemwelewa anachotaka."

"Anataka nini?" Hilo lilikuwa swali langu mwenyewe, sikutumwa.

"Nibadilishe mwili wangu siku tatu kabla ya mechi, nivurunde, jina lake libaki ukutani."

Baba alinyanyuka na sahani yake, akaenda kumalizia chumbani. Nilimkasirikia mume wangu, nikaenda kukaa kwenye cherehani, maana kushona ndiyo kazi yangu na cherehani haibishani.

Nilikuwa na fulana zake za mechi za kurekebisha. Ya kwanza imefumuka mshono wa bega la kushoto. Ya pili vilevile. Ya tatu nilikuwa nimeshaishona pale mara mbili mwaka huu, nikalaumu uzi. Nikaziweka chini.

Uani alikuwa anarushia ndoo. Nikachukua ufagio, nikasimama mbele ya ndoo kama mpigaji. "Rusha."

Akacheka. "Ukiumia usinisingizie."

"Wa kawaida," nikasema, kabla mpira haujamtoka. Ukapinda kama kawaida. "Wa kawaida. Wa kinyume. Wa kawaida. Wa kinyume." Sikukosea hata mmoja, na sikuwa nautazama mpira, nilikuwa nalitazama bega. Kicheko kikamwisha.

"Umejuaje?"

"Nimeambiwa mezani, kama wewe. Kama mimi wa ufagio naona, huyo anayelipwa kukupiga haoni?"

Pazia la chumba cha nyuma likatikisika. Tuliliona wote wawili. Mume wangu akajifuta uso. "Mwambie baba yako..."

"Simwambii. Dirisha lile pale. Nenda ukaseme nalo."

Nikaingia ndani. Hakwenda dirishani, kichwa ngumu yule. Lakini niliusikia mpira ukidunda mpaka jua likazama, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Pazia lilikuwa wazi muda wote.

Jumamosi baba alisema haendi, kisha nikamkuta anafunga viatu. Jukwaani muuza karanga akamtambua. "Mzee, leo wanakufuta."

"Nipe za kutosha basi," baba akasema.

Mchana Parafujo akapewa mpira. Mpigaji alikuwa yuleyule aliyemsumbua mwaka mzima, anatafuna jojo. Wa kawaida, akaupiga. Wa kawaida, akaupiga. Wa kawaida tena. Kisha ukaja mwingine, na bega limekaa juu palepale. Mpigaji akatoka mbele kuufuata, mpira ukampindia kwa ndani, ukapita kati ya gongo na mguu, vijiti vikaanguka.

Uwanja mzima ulisimama. Baba hakusimama. Nililia, na sijui nilimlilia nani kati yao.

Mechi ilipokwisha mume wangu alipanda ngazi za jukwaa na viatu vyake vya njumu, mpira mkononi. Akaninyooshea mimi. "Mwambie baba yako huu ni wake."

Nilikunja mikono. Sikuupokea. Mkono wake ukabaki hewani, watu wanatazama, yeye ananiangalia nimwokoe. Mwisho akamgeukia.

"Baba, siku ile ningekuambia. Niliogopa."

Baba akauchukua. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye mshono, kila kimoja mahali pake, lakini havikuweza kufunga, uzee umevikausha. Mpira ukamponyoka, ukabingirika chini ya viti. Mume wangu akapiga magoti kwenye maganda ya karanga, akaufuata, akamrudishia kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja na kuvishikilia hapo.

"Bega lilikuwa zuri," baba akamwambia. "Mwaka mzima nakuona unaliangusha, na roho inaniuma."

Jioni tulikula watatu. Baba akaonja mchuzi, akakunja uso. "Nipe chumvi," akasema.

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kuipokea. Chumvi ilikuwa imeshapita.