Sufu Iliyochemka

Mwaka ule sabuni iliporudi madukani, watu wa Butiama waliinusa kwanza kabla ya kuilipia. Hyasinta alinunua mche mmoja, akaukata vipande, akavianika chini ya kitanda vikauke, visije vikaisha upesi. Lakini Ijumaa moja asubuhi alivitia vyote katika sufuria ya maji yanayotokota, akakoroga kwa mwiko wa ugali mpaka povu likapanda ukingoni. Kisha akachukua kapu la viatu vya sufu vya Wankyo, mkewe, akalipindua humo.

Mkewe, ndiyo. Hyasinta hakujaliwa mtoto, na mumewe alipofariki, boma lilibaki na ng'ombe wasio na mrithi. Akafanya walivyofanya bibi zake: akatoa mahari, akamwoa binti wa wakulima wa pamba wa Nyamuswa, upande wa Bunda, ili azae kwa jina la nyumba yake. Kanisani alinyimwa komunyo, akahamia benchi la nyuma bila kinyongo. Werema alipozaliwa, alijiambia kwamba Mungu na katekista hawasomi kitabu kimoja.

Wankyo alikuwa na mikono isiyojua kukaa bure. Miaka ya dhiki, watu walipojifunga magunia, aliifumua sweta kuukuu ya marehemu akamfumia mtoto kofia. Sindano zake zilikuwa spoki za baiskeli alizozinoa juu ya jiwe. Mitumba ilipoingia Musoma, akawa anarudi na masweta yaliyoliwa na nondo, anayafumua uzi kwa uzi, anauzungushia uzi magotini, anafuma viatu laini vya kuvaa ndani, kwa ajili ya wenye nyumba za saruji wanaolalamikia baridi ya sakafu. Kisigino alikikunja bila kukitazama, huku akizungumza, kama mtu anayemenya kiazi.

Viatu hivyo vilimfikia Justina, muuza nguo wa mtaa wa Mukendo, Musoma mjini. Akaagiza kapu zima lifike Jumamosi. Akiridhika nalo, Wankyo angepewa chumba uani kwake, Kamunyonge, afumie huko huko.

"Na Werema?" Hyasinta aliuliza siku alipoambiwa.

"Werema ni wa nyumba hii, mama. Mimi nitakuwa nakujaga."

Nitakuwa nakujaga. Neno hilo Hyasinta alilijua. Kaka zake waliliacha mlangoni walipokwenda kutafuta kazi Mwanza, nalo likabaki pale, likiota kutu kama kufuli lisilo na ufunguo. Mtoto angebaki, sawa. Lakini mtoto peke yake hajibu ukimwita usiku kwa ajili ya mgongo unaouma, wala hacheki mzaha wa kikongwe. Ng'ombe wake walikuwa wamemletea mrithi. Hakuna aliyemwambia kwamba wangemletea pia mtu wa kumzoea.

Kwa hiyo alingoja Wankyo aende mashineni kusaga, akawasha moto.

Esta, jirani yake, alipita na ndoo, akasimama.

"Shikamoo, bwana mwenye nyumba. Leo unamfulia mkeo?"

"Hizi ni nyuzi za nguo za maiti wa Ulaya. Hazivaliwi bila kuchemshwa."

"Kumbe. Mwenzako tangu niolewe sijafuliwa hata kitambaa cha kichwa. Ningejua, ningeolewa kwako."

Akaondoka akicheka peke yake. Hyasinta alivitoa viatu kwa mwiko, akavitupa katika maji ya baridi, akavisugua juu ya jiwe, akavikamua, akavirudisha motoni. Alivisugua kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo. Vichache, vya nyuzi za nailoni, vilibaki vilivyo. Vingine vyote vilisinyaa mpaka kiatu cha mtu mzima kikawa cha mtoto, na mafundo yote ya sindano yakapotea, pasionekane uzi ulipoanzia wala ulipoishia. Alipovianika majanini, alitegemea kupata raha. Alipata mikono iliyovimba tu.

Wankyo alirudi na unga kichwani. Akautua. Akachukua kiatu kimoja, akakivuta. Hakikuvutika. Akakinusa.

"Sabuni yote, mama?"

"Yote."

Hapo Wankyo aliinua macho, akamtazama, na Hyasinta akatamani atukanwe. Hakutukanwa. Wankyo aliingia ndani, akatoka na kisu, akakata kipande cha ukingo. Hakuna uzi uliofumuka. Akakunja kile kilichobaki, akakikanyaga kwa kisigino, akakigeuza. Akakaa chini palepale, miguu mbele, kiatu mapajani.

"Hiki hakitaisha kwa sakafu," alisema, kama anayejisemea. "Mtu atakichoka yeye." Kisha: "Maji yalikuwa ya moto kiasi gani?"

Hyasinta alifungua mdomo. Vuguvugu tu: neno moja lingetosha. Wankyo angejaribu, angeshindwa, Jumamosi ingepita, na nyingine. Uongo huo ulikuwa tayari ulimini, mwepesi kama makapi.

"Yalikuwa yakitokota," alisema. "Halafu baridi. Halafu moto tena."

"Ulisugua tangu mwanzo?"

"Usianze kwa nguvu. Mimi nilianza kwa nguvu, vile vya kwanza vikapinda. Anza kama unamwogesha mtoto mchanga. Ukiona sufu imeanza kushikana, hapo ndipo uiminye."

Wankyo aliitikia kwa kichwa taratibu, akipima kiatu kwa kiganja. "Basi nitavifuma vikubwa, visinyae vienee. Hivi vidogo Justina atawauzia wenye watoto."

"Mama Werema, mimi sikuwa nataka..."

"Najua ulichokuwa unataka, mama." Hakupandisha sauti. Alikuwa ameshavuta kapu, anatafuta pea isiyoguswa na maji. Aliipata moja iliyokuwa imenasa chini kabisa ya kapu, akampa. "Povu bado lipo. Washa moto, nione mikono yako inavyofanya."

Hyasinta alipiga magoti, akasogeza vijinga, akapuliza. Kuni zilikuwa kavu. Zilishika upesi kuliko alivyotaka.