Mafuta Yasiyooza

Mwaka 2014, mashine ya kusoma alama za vidole ilipokaribia kufika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Benitha alizidisha mafuta mikononi. Alikuwa msusi pale Kashojwa, na tangu mvua za mwanzo vidole vyake vilikuwa vimepasuka na kumenyuka kama viazi vya kuchemsha. Safari ya familia yake kuhamia ng'ambo ilining'inia kwenye vidole hivyo. Kila aliyeandikwa kwenye faili alipaswa kuthibitishwa kwa kidole, na huko ng'ambo madaktari walikuwa wakimsubiri Viviane, binti yake wa miaka saba, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo.

Basi akawa anapaka asubuhi, anapaka mchana, analala amevaa soksi mikononi. Muwasho ukazidi.

"Paka samli," alisema mama yake, Mukandoli, aliyekulia nyuma ya ng'ombe kule milimani Kivu ya Kusini.

"Samli inanuka, mama. Wateja watanikimbia."

"Inanuka sababu inaoza, kama sisi bantu. Ile yako ya dukani, mwaka muzima haiozake. Kitu chenye hata inzi banakikimbia, wewe unajipaka!"

Wakacheka wote wawili.

Siku tatu kabla ya mashine, Benitha alikwenda Mbarara kwa daktari wa ngozi, mlimani Kamukuzi. Daktari aliigeuza chupa yake ya mafuta, akasogea nayo dirishani kusoma maandishi madogo.

"Mama, humu mna dawa ya kuzuia mafuta yasioze. Wengi haiwafanyi kitu. Wewe, nadhani, mwili wako umeikataa. Huenda imo hata kwenye shampuu ya kazini kwako."

"Kumbe ndiyo inayoniozesha mimi?"

Daktari hakucheka. "Ukiviacha vyote, ngozi itarudi. Wiki sita, labda nane."

"Ni Alhamisi, daktari."

"Alhamisi kuna nini?"

"Mashine."

Daktari akavuta karatasi, akamwandikia barua ya kueleza ugonjwa wa vidole vyake.

Alhamisi, mumewe Rugamba aliweka kidole, taa ikawaka kijani. Ya Viviane nayo kijani. Ya Benitha nyekundu.

"Weka ingine," karani alisema. "Sukuma na nguvu. Mama, hii vidole yako iko wapi?"

"Ameikorogea ugali!" mtu akadakia kwenye foleni, na wenzake wakaangua kicheko.

Vidole kumi, mara tatu tatu. Karani aliisoma barua, akaikunja taratibu. "Pole. Barua haina alama. Hawa wawili wataenda. Wewe ngoja zamu ingine."

"Basi hatuendi," Rugamba alisema.

"Moyo wa mtoto hautangoja vidole vyangu, Baba Viviane. Nendeni."

Faili la mgonjwa halikukawia. Wiki mbili baadaye, kando ya basi, Viviane aliushika mkono wa mama yake, akauachia. "Unakwaruza," alisema, kisha akaushika tena.

Zamu nyingine haikutangazwa. Benitha aliacha kusuka, akapaka samli ya mama yake na kungoja. Wiki ya nane alikwenda kukusanya vitu vyake saluni. Alipokuwa akikibandua kioo ukutani, alama ya gumba lake ilibaki juu ya kioo: mistari yote, mizima, imezunguka kama njia za ng'ombe mlimani. Akabandika kidole cha pili, cha tatu, mpaka vikatimia kumi.

Alisimama mbele ya alama hizo kitambaa kikiwa mkononi, asiweze kukifuta kile kioo.