Globu Mfukoni mwa Mshamu

Kipimajoto cha jokofu kilisoma nyuzijoto sita. Zikipita nane, chanjo ya surua inaharibika, na huko Mohoro, walikokuwa wakienda, watoto wawili walikwisha kuzikwa wiki ile.

"Sita na nusu," alisema Waride, nesi, bila kumtazama mtu.

Mshamu, dereva wake, alizungusha ufunguo mara ya nne. Gari liliguna kama mgonjwa aliyeamshwa usingizini, likanyamaza. Saa tisa na robo alasiri, walikuwa wamekwama pembeni mwa barabara pale Ikwiriri. Barafu ya kwenye boksi la akiba ilikuwa maji matupu.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba yenye magurudumu: kitanda, sinki, jokofu la betri. Wazungu waliotembea nalo nchi hadi nchi waliliuza lilipochoka, na miaka hii ambayo kila kikuukuu kutoka ng'ambo kinapata mnunuzi, likageuzwa zahanati ya kutembea.

Bwanaheri, fundi umeme wa magari, alifika na taa yake ya kupimia yenye nyaya mbili.

"Mtani! Umehamia Ikwiriri na nyumba yako? Kiwanja umemwomba nani?"

"Utani baadaye, Bwanaheri. Betri haipati chaji."

Bwanaheri akafunua boneti, akabonyeza mkanda wa alterneta, mashine inayoichaji betri, kwa kidole gumba. "Mkanda umekaza."

"Nimeukaza mwenyewe jana," alisema Mshamu kwa majivuno kidogo.

Hakusema na lile jingine alilolifanya. Mwezi ule, kila taa nyekundu ya chaji ilipowaka kwenye dashibodi, Waride alimwamuru arudi Kibiti. Mara mbili. Pale stendi wenzake wakambatiza Mshamu Rudi. Kwa hiyo asubuhi ile, kabla ya safari, alikuwa ameichomoa globu ya taa hiyo, akaifunga kwenye kipande cha gazeti na kuitia mfuko wa shati. Miaka ishirini ameendesha malori ya kizamani yenye dainamo badala ya alterneta, na kwenye dainamo taa ile ni mmbea tu: inasema, haifanyi kazi. Mmbea ukimtoa barazani, chungu jikoni hakiachi kuchemka.

Bwanaheri aligusisha taa yake kwenye waya mnene wa alterneta. Ikawaka, hafifu. Akagusisha waya mdogo.

"Washa swichi."

Mshamu akawasha. Taa haikutoa hata cheche.

"Waya mdogo umekufa. Ama umekatika njiani, ama kuna jambo ndani ya alterneta. Naifungua."

"Muda gani?" aliuliza Waride.

"Saa mbili, mambo yakinyooka."

"Saa mbili sina. Imefika saba."

Bwanaheri alikwisha kuitia spana kwenye bolti. Ilikuwa na kutu, ililia ilipogeuka.

"Huo waya mdogo," Mshamu aliuliza polepole, "unatoka wapi?"

"Unatoka kwenye swichi, unapita kwenye taa nyekundu ya dashibodi, ndipo unakuja huku. Hii si dainamo, mtani. Alterneta haiamki yenyewe. Lazima kwanza ionjeshwe umeme kidogo, na unapitia humo humo kwenye globu."

Mkono wa Mshamu ulipanda mfukoni, ukaishia njiani. Akisema, habari itafika stendi ya Kibiti kabla yake. Asiposema, Bwanaheri atafungua, atafunga, na mwisho atalifikia lile tundu tupu. Ila chanjo itakuwa imeoza. Bolti ililia tena.

"Saba na nusu," alisema Waride.

"Mtani, acha spana."

Mshamu akafungua kile kipande cha gazeti. Bwanaheri aliitazama globu, akamtazama Mshamu, na hakucheka. Hilo ndilo lililomchoma.

"Mjomba," aliuliza Waride, "unayo tangu saa ngapi?"

"Tangu Kibiti. Sikutaka uone nyekundu ukanirudisha."

Waride alikuwa tayari barabarani, akiwaita wachukuzi wa ufuta waje kusukuma.

Globu ikarudishwa mahali pake. Swichi ikawashwa, na nukta nyekundu ikajitokeza, imefifia. Watu sita wakasukuma. Mshamu akaachia klachi; gari likakohoa, likakataa, likakohoa tena, likashika. Akakanyaga mafuta. Nukta nyekundu ilififia, ikafifia, ikazimika.

"Inachaji!" Bwanaheri alipiga kelele. "Usizime mpaka Mohoro! Betri haina nguvu ya kuliwasha tena!"

Saa kumi na nusu walipanda pantoni ya Ndundu. Mkaguzi akagonga mlango. "Zima injini! Hujui sheria ya hapa?"

Abiria wote waligeuka. Miongoni mwao Mshamu aliona sura mbili za stendi ya Kibiti.

"Naijua. Nikizima haliwaki tena, na nyuma kuna chanjo ya surua," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Kosa ni langu. Niliichomoa globu ya chaji kwa mkono wangu, kwa kuona haya ya kurudishwa. Usimwadhibu nesi huyu wala watoto wa watu."

Kicheko kikapasuka nyuma. "Rudi sasa amekuwa Globu!"

Mkaguzi akachukua kabari ya mti, akaisukuma chini ya gurudumu kwa mguu. "Kanyaga breki. Usiiachie."

Pantoni ikaacha ukingo. Mshamu alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, macho yake kwenye ile taa iliyozimika. Nyuma yake mlango wa jokofu ulifunguliwa na kufungwa upesi.

"Saba," alisema Waride. Kisha, walipokaribia ng'ambo: "Endesha, mjomba Globu. Inashuka."