Hajatoka Uwanjani

Ndege ilitua saa nne na dakika kumi asubuhi, na fundi wa mafriji alikuwa mtu wa ishirini na tisa kwenye foleni ya dirisha namba nne. Alijua hivyo kwa sababu alikuwa na tabia ya kuhesabu vichwa kila aliposimama kwenye foleni. Alikuwa anatoka kwenye mafunzo ya wiki tatu ya kutengeneza vyumba vya baridi, vile vikubwa vya kuhifadhia nyama na chanjo, na ndani ya begi lake la mgongoni kulikuwa na cheti, geji mpya ya kupimia gesi, na viatu vya binti yake vinavyowaka taa kisiginoni. Miguu ilikuwa imemvimba. Alitaka kufika nyumbani, aoge, ale, alale.

Kamera ilikuwa imefungwa miezi minne kabla. Ilikaa juu ya shingo ya chuma iliyojiinua na kujiinamisha yenyewe kufuata kimo cha mtu, na kila ilipoupata uso ilitoa mlio mdogo, kama wa mtu aliyeonja chai akaikubali. Tangazo la ukutani liliwaomba abiria wavue kofia na miwani, na wasitabasamu.

Afisa wa dirishani alikuwa dada mmoja mwenye mafua.

"Angalia hapa, kaka."

Fundi akaangalia. Mlio haukuja. Akaambiwa arudi nyuma hatua moja, kisha asogee, kisha afute jasho. Mara ya nne kamera ikalia, lakini mara tatu mfululizo.

"Una pasipoti nyingine?"

"Sina. Hiyo yenyewe nimeisotea miezi mitano."

"Maana inasema wewe ni mtu mwingine." Dada akakigeuza kioo cha kompyuta ili naye aone.

Ilikuwa picha ya zamani isiyo na rangi, pembeni ina alama ya kutu ya pini. Fundi aliijua. Nakala yake ilikuwa ukutani kwa mama yake, juu ya redio.

"Huyo ni baba yangu."

"Inasema ni wewe."

"Tunafanana tu, dada. Kila mtu husema mimi ni baba mtupu."

"Kufanana kunatoa sabini, themanini. Ndugu pacha tulimpata juzi, akatoa tisini na nne. Wewe umetoa mia." Akapenga kamasi kwenye karatasi laini. "Halafu inasema hujatoka."

"Sijatoka wapi?"

"Hapa uwanjani. Umeingia miaka thelathini na moja iliyopita, saa tatu asubuhi. Kutoka, hakuna. Kaa pale kwenye benchi, kaka. Nitamwita msimamizi."

Baba wa fundi alikuwa mpanga chapa kwenye kiwanda cha uchapaji, na wenzake walimwita Herufi kwa sababu alisoma maandishi kinyumenyume haraka kuliko wengine walivyosoma sawasawa. Alipokuwa na miaka thelathini na nane aliaga nyumbani akisema anakwenda mkutano wa wachapaji nje, siku tano. Hakurudi. Baada ya mwaka mmoja ilikuja barua ya mistari miwili: mtajwa aliondoka nchini kwa hiari yake. Majirani wakaongeza mistari iliyobaki. Wakasema ana mwanamke huko, wakasema ana watoto wengine, mmoja akadai ameona picha. Mkewe hakuwajibu. Alilea mtoto wake wa miaka saba, akazeeka na aibu ambayo hakuifanya yeye.

Fundi naye sasa alikuwa na miaka thelathini na nane.

Mabadiliko yalianza kabla ya saa sita. Kwanza kikaota kidoa cheusi kando ya pua, palepale alipokuwa nacho baba yake. Kisha ncha ya kidole chake cha shahada cha kushoto ikaondoka bila maumivu wala damu, ikaacha kovu laini la siku nyingi, la kisu cha kukatia karatasi. Nywele zilizokuwa zimeanza kurudi nyuma zikasogea mbele. Shati likampwaya. Akatoa pasipoti mfukoni ahakikishe, akakuta picha iliyomo nayo imebadilika. Haikutaka kuachwa nyuma. Alichokisikia ndani hakikuwa uchungu. Ilikuwa kama mtu aliyelala kwake akasikia mlango wa mbele unafunguliwa taratibu na mwenye ufunguo.

Abiria wa ndege nyingine wakaingia, wakapanga foleni, wakaisha. Mwanamke wa usafi alipofika kwenye benchi alimwomba anyanyue miguu, akapangusa chini, akaendelea.

Msimamizi alikuwa mtu wa sweta, amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alimwangalia fundi kwa muda, akatikisa kichwa kama mtu anayeona mgeni amechelewa karamu.

"Karibu tena, Herufi."

"Mimi siyo Herufi. Mimi ni mwanawe."

"Hata sauti ni ileile," msimamizi akasema. "Mimi nilikuwa karani tu wakati ule. Nilikuwa naandika, sikugusa mtu. Nataka ulijue hilo kabla hatujaanza."

Mke wa fundi alikuwa nje tangu saa tatu, kwenye vyuma vya kupokelea wageni. Alikuwa mkunga wa zahanati, ametoka zamu moja kwa moja, bado ana viatu vya kazi. Wakamwita ndani, wakamsimamisha mbele ya kioo kizito. Upande wa pili wa kioo alisimama mumewe.

"Huyu ni mume wako?"

Mkunga alizoea kuangalia nyuso zilizokuja duniani dakika hiyo na kusema zimefanana na nani. Hakufanya haraka. Alimwona yule mwanamume anapiga kioo kwa kiganja, mdomo unakwenda, sauti haifiki.

"Si yeye," akasema.

"Una hakika?"

"Si yeye. Lakini amevaa saa ya mume wangu. Muulizeni ameipata wapi."

Wakampa fomu akasaini. Ilikuwa kweli tupu, kama alivyoiona, na fundi, upande wa pili wa kioo, aliisoma ile sahihi kuanzia herufi ya mwisho kwenda ya kwanza, bila shida yoyote.

Mama yake fundi aliletwa saa tisa mchana. Kwenye simu walimwambia mumewe amepatikana. Hakuuliza wapi. Alivaa gauni la kutokea, akasahau kubadilisha ndala. Wakamteremsha ngazi mbili hadi chumba namba sita, chumba cha meza moja na viti vitatu, na juu ya meza kinasa sauti chenye taa nyekundu.

"Mama," alisema mwanamume aliyeketi.

Ndivyo mwanawe alivyomwita, na ndivyo mumewe alivyomwita tangu mtoto azaliwe. Sauti ilikuwa ya mumewe. Mama akashika ukingo wa meza, akakaa.

"Baba watoto," akasema. "Hujazeeka."

"Na wewe..."

"Mimi nimezeeka kwa niaba yetu wote." Akamtazama kidole, kidoa, kola ya shati. "Umekonda. Sema sasa, na usinifiche. Baba watoto, uliondoka kweli?"

Fundi alitaka kusema, mama, ni mimi, wa friji, nimekuletea cheti. Maneno yaliyomtoka yalikuwa mengine, nayo yalikuwa ya kweli pia. Alikuwa anayakumbuka yote.

"Sikuondoka. Nilifika hadi mlango wa ndege. Begi langu lilikuwa limeshapakiwa. Wakaja wawili, wakasema kuna sahihi moja imesahaulika. Wakanileta humu."

"Humu?"

"Humu. Kulikuwa na zulia. Walitaka kujua nani aliniletea maandishi ya tangazo la mgomo, lile nililolipanga chapa usiku mmoja. Siku ya kwanza sikusema. Siku ya pili sikusema."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu hawakuuliza kitu."

Msimamizi alikuwa anachokonoa uzi wa sweta yake. Taa ya kinasa sauti iliendelea kuwaka.

"Hakukuwa na mwanamke," mama akasema.

"Mwanamke gani?"

Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu, akajifuta macho kwa upindo wa mtandio. "Miaka thelathini na moja, baba watoto. Nimepishana nao dukani, nimepishana nao misibani. Wakiniona wananyamaza. Mimi mwenyewe kuna siku nililala nikamwona huyo mwanamke, ana sketi ya kijani." Akavuta pumzi. "Wamekuweka wapi? Niambie nikajue pa kusimama."

"Walikuwa wanajenga ukuta wa maegesho, ule wa upande wa matangi ya mafuta. Msingi ulikuwa umeshachimbwa. Zege lilimwagwa asubuhi hiyohiyo. Unahesabu nguzo kutoka getini, ya kumi na moja."

"Ya kumi na moja."

"Ndiyo."

"Asante, baba watoto," akasema mama. Kwa muda mrefu kidogo alikuwa mke wa mtu, na hakuna aliyemkatiza. Ndipo macho yake yakashuka kwenye saa ya mkononi, akaitambua kuwa ni ya mwanawe, akanyanyuka.

"Andika," akamwambia msimamizi. "Andika huyu ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Alizaliwa ametanguliza miguu."

"Mama yangu," msimamizi akasema, kwa upole, "kwenye hiki kinasa umemwita baba watoto mara nne."

"Nilikuwa namwita aliyemo ndani yake."

"Fomu haina sehemu ya aliyemo ndani."

"Basi andika alichosema. Andika mume wangu yuko chini ya ukuta."

"Hapo ndipo penye shida." Msimamizi alifungua faili, la karatasi, la rangi ya udongo. "Nitaandikaje mtu amefariki naye amekaa hapa, mzima, anakunywa maji? Mumeo yupo. Wewe umemthibitisha, kamera imemthibitisha. Ukishukuru utakuwa hujakosea."

"Na mwanangu?"

"Mwanao hajafika. Akifika tutakuarifu."

Akapekua hadi ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa ujanani, wenye mikia mirefu. Baada ya mstari wa mwisho kulikuwa na nafasi. Akabofya kalamu.

"Herufi," akasema, "tulikuwa tumefikia kwenye jina la aliyekuletea maandishi."

Fundi alilijua jina hilo. Lilimjia pamoja na mengine yote, jina la kijana mmoja wa bohari ya karatasi, ambaye sasa alikuwa mzee na alimwuzia mke wa fundi vitunguu kila Jumamosi. Aliufunga mdomo. Msimamizi hakukasirika. Alimwomba mama atoke, kwa kuwa sehemu iliyofuata haikuwa ya ndugu, na dada mwenye mafua akampandisha ngazi amemshika kiwiko.

Mkunga alikuwa anasubiri juu. Mama mkwe alimweleza yote wakiwa wamesimama katikati ya watu wenye vigari vya mizigo. Mkunga hakulia. Alirudi mbio kwenye kile kioo kizito akakuta pazia limeshushwa. Aligonga mpaka askari akaja kumwuliza anamtafuta nani, na kila jibu alilotaka kutoa lilikuwa linapingana na sahihi yake.

"Nilisema kweli," alisema walipokuwa wanatoka nje. "Mama, mimi nilisema kweli tu."

"Mimi pia," mama mkwe akasema.

Walihesabu nguzo. Kwenye ya kumi na moja palikuwa pameegeshwa gari dogo jeupe lenye kiti cha mtoto, na mwenye gari alikuwa anapanga masanduku. Wakasubiri kwa adabu hadi alipomaliza na kuondoka. Mama akavua ndala, akasimama peku juu ya saruji. Ilikuwa na joto la mchana. Baada ya dakika chache gari jingine likawapigia honi, wakapisha.

Barua ilikuja wiki ya sita, mistari miwili: abiria mtajwa hakuingia nchini kupitia kituo hiki. Siku ya tatu baada yake majirani walikuwa wameshaongeza mistari iliyobaki. Huko kwenye mafunzo kulikuwa na mwanamke, walisema, na mmoja akadai ameona picha. Mkunga alifika kazini akakuta wauguzi wananyamaza. Mama mkwe akahamia kwake na sanduku moja, akamfundisha namna ya kupita: usiharakishe, salimia wa kwanza, nunua ulichofuata. Kila Ijumaa walikwenda uwanjani wote wawili na nguo safi za fundi. Nguo zilipokelewa getini, na za zamani zilirudishwa zimekunjwa vizuri. Maana yake alikuwa bado hai, bado hajasema.

Mwezi wa nne shule ilitangaza kwamba wanafunzi wote watapigwa picha kwa ajili ya vitambulisho vipya, na kwamba picha zitatunzwa sehemu moja, kwa usalama wao. Mkunga alikuwa zamu. Bibi akavaa gauni la kutokea, akamshika mjukuu wake mkono, wakaenda. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa mezani anapanga madaftari. Mpiga picha alikuwa ameshatundika shuka jeupe ukutani na watoto wamejipanga, wanasukumana.

"Huyu hapigwi picha," bibi akasema.

Alikuwa amejiandaa kueleza. Alikuwa amepanga maneno tangu nyumbani, mengine ya uongo, mengine ya kweli, kuhusu ngozi, kuhusu dini, kuhusu macho. Mwalimu hakumwuliza sababu. Alimtazama binti usoni mara moja tu, haraka, kisha akatazama pembeni kama mtu aliyechungulia chumba cha watu kwa bahati mbaya. Akavuta droo, akatoa daftari, akalifungua penye orodha ya watoto wasiopigwa picha. Majina yalikuwa yamejaa hadi mstari wa chini kabisa.

"Ni wa darasa langu, siyo?" akasema, akafunua ukurasa mpya.